Trela Lililoinamisha Pua

Mama aliyefiwa na mwanawe hujulikana kwa sauti. Lakini yule ambaye mwanawe yu hai na amefungiwa seli hana sauti, hukaa tu. Bi Zamzam alikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi cha Mokowe tangu swala ya alfajiri, buibui lake limeshika vumbi, na kila mlango ulipofunguliwa aliinuka nusu kisha akakaa tena.

Mara hii aliyefungua mlango alikuwa Inspekta Bochaberi mwenyewe.

"Mama, umekuja tena."

"Nimekuya, Bi. Wangu si yuko hapa? Nikakae wapi pengine?"

"Umri wako si wa kukaa kwenye ubao huu kutwa."

"Na umri wake si wa kulala kwenye saruji." Bi Zamzam akavuta buibui lake. "Niambie kweli. Kesho wampeleka mahakamani?"

"Nikiwa na kesi, kesho asubuhi atasimama mbele ya hakimu kwa kuua bila kukusudia. Nisipokuwa nayo, anarudi nyumbani na wewe."

"Na sasa unayo?"

Bochaberi alikuwa na nusu ya kesi, na nusu ya kesi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu humfunga mtu mzima mzima.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jaafar, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, alikuwa akivuta kwa pikapu trela la samaki la babake kutoka gati la Mokowe kwenda Mombasa. Kabla hajafika mji mdogo wa Hindi, trela lilipinduka, likaizungusha pikapu na kuibwaga shimoni. Jaafar alikufa pale pale. Babake, Bwana Abdulwahid wa Kizingitini, nahodha mstaafu aliyegeuka mchuuzi wa samaki, alitoka makaburini akaja moja kwa moja kituoni kusema neno moja: Idris. Idris, mwana wa Bi Zamzam, ndiye fundi aliyeligusa trela lile siku moja kabla ya ajali.

Bochaberi akaingia chumba cha mahojiano. Idris aliletwa, kijana wa Faza mwenye vidole vilivyounguzwa na kazi ya kuchomelea vyuma, akakaa.

"Anza pale trela lilipofika gereji yako."

"Lilifika limeinama, afande. Pua chini, matako juu, kama mtu aliyesujudu. Astaghfirullah, lakini ndivyo lilivyokuwa."

"Kwa nini liliinama?"

"Mzee alilinunua kwa mtu, nalo lilikuwa limetengenezewa gari refu kwenda juu. Trela la namna hii lina shingo. Shingo hupanda juu ya bodi ya pikapu ikakaa kwenye sahani ya chuma, na pini ikafungwa pale katikati. Pikapu yake ni fupi, sahani iko chini. Shingo ikishuka, trela zima linaifuata."

"Dawa yake?"

"Kuiinua sahani. Unaweka vyuma vinene chini yake, unafunga bolti ndefu, unaweka pimamaji mpaka trela likae sawa. Bolti ndefu sikuwa nazo, zilikuwa njiani kutoka Mombasa. Nikamwambia Jaafar aliache. Akasema babake hangoji, samaki washapakiwa kwenye boti Kizingitini."

"Lakini bolti zilizokuwepo ulizifungua."

"Mbili tu, nipate kipimo. Nikazirudisha, nikazikaza. Nikapiga mstari wa rangi nyeupe kwenye kila nati, ndiyo kawaida yangu."

"Bwana Abdulwahid anasema mligombana kwenye simu."

Idris akatazama meza. "Aliniambia mimi ni fundi wa vitanda vya chuma, mambo ya mizigo niwaachie wanaume."

"Wewe ukamjibu nini?"

Idris akavificha vidole vyake chini ya meza.

"Idris. Ukimjibu hakimu kimya hivyo, umejifunga mwenyewe."

"Nilimwambia likipinduka asiniite."

Hilo ndilo neno lililomtia seli. Hasira ya dakika moja. Wangapi kati yetu hatujawahi kusema neno la namna hiyo, kisha tukalisahau? Yeye lake lilisikiwa na watu wote waliokuwa gatini, kwa sababu mzee alikuwa amefungua spika ya simu.

*

Trela na pikapu vilikuwa vimekokotwa hadi uani kwa kituo na kusimamishwa juu ya magurudumu yao, bado vimeshikana. Konstebo Jeilani, mtoto wa mtaa wa Mkomani, alikuwa ameegemea bodi ya gari, mkono juu ya tumbo.

"Inspekta, kazi imekwisha," alisema. "Bolti moja hii hapa imekatika. Fundi alilegeza, sahani ikacheza, trela likaenda. Tuandike twende zetu."

"Una haraka ya nini?"

"Njaa."

Bochaberi alipanda ndani ya bodi ya pikapu na kuinama juu ya sahani. Pini ya trela ilikuwa bado imeumwa na taya za sahani. Alitazama bolti iliyokatika. Pale ilipokatikia palikuwa na chembechembe za kijivu kama sukari guru, pakavu, hapana kutu. Nati yake ilikuwa bado chini, imekaa mahali pake, na mstari mweupe ulitoka kwenye nati ukaingia kwenye chuma bila kuvunjika. Akatazama ya pili, ya tatu, na ya mwisho. Mistari yote ilikuwa imenyooka.

"Njoo uone. Nati ikilegea hufanya nini?"

"Huzunguka."

"Ikizunguka, mstari unakuwaje?"

"Unakatika." Jeilani akakuna shingo. "Lakini si angeweza kulegeza kwanza, kisha apake rangi?"

"Basi matuta yote ya barabarani yangeizungusha baadaye, na mstari ungevunjika. Leta spana ile ndefu."

Jeilani akaileta, akaitia kwenye nati ya pili, akavuta. Akavuta tena. Mwisho akaning'inia nayo mwili mzima, miguu ikaacha kugusa chini, na nati haikusema kitu.

"Vipi, imelegea?"

"Imelegea kama ngumi ya bahili," Jeilani alisema akihema.

"Bolti hizi zilikuwa zimekazwa. Hii iliyokatika ilikatwa na trela lilipokuwa linapinduka. Haikulipindua yenyewe."

"Sasa lilipinduliwa na nini?"

"Hilo tukamuulize aliyeliona likipita."

*

Nadra alikuwa akiuza mahamri na mbaazi kando ya barabara, mahali ambapo njia hunyooka kabla ya kufika Hindi. Alimwona Jeilani akishuka garini akacheka.

"Yeo umekuya na mkubwa wako! Ndiyo maana umejifunga mkanda vizuri."

"Bi Nadra, tumekuja kikazi."

"Kazi haikatazi mtu kula. Karibu, Bi. Kaa hapo, kibao hicho hakiumi."

Bochaberi alikaa na kupokea sahani, akala kidogo kwanza, kwa sababu mtu hamhoji mwenzake huku amemkatalia chakula chake. Kisha akauliza: "Siku ile ya Jaafar, uliona nini?"

Uso wa Nadra ukabadilika. "Niliona yote, na natamani nisingeona. Gari lilitoka kule. Mbele limenyooka, nyuma linacheza. Huku, kule, huku, kule, kama mkia wa samaki taa akikimbizwa. Nikasema, mbona hivi?"

"Alikuwa mbio?"

"Kama wote. Hapa pamenyooka, kila mtu hukanyaga mafuta. Lilipoanza kucheza akapiga breki. Alipopiga tu, trela likampita ubavuni. Masikini, alikuwa aogopa, yule. Mtu hana raha ya kuendesha kitu kinachomtingisha."

"Sasa fikiri vizuri, Bi Nadra. Trela lilikuwa limeinama mbele?"

"Kuinama? La!" Nadra aliweka kiganja chake hewani, kikanyooka. "Lilikuwa sawa kama meza hii. Iliyoinama ni pikapu yenyewe. Imeinua nyuma, taa zake za mbele zimetazama tini kama bibi harusi."

Bochaberi na Jeilani wakatazamana.

Garini, Jeilani hakuweza kujizuia. "Si nilikwambia? Gereji limeinama, barabarani liko sawa. Maana yake fundi aliweka vile vyuma, akaiinua sahani. Ametudanganya. Kazi ya haraka haraka, bolti fupi, basi."

Maneno yake yalikuwa na uzito. Bochaberi aliyageuza kichwani njia nzima. Kama Idris alidanganya hapo, basi alidanganya pote, na yule mama benchini atangoja kwa miaka.

*

Walipofika uani, Bochaberi hakungoja. Alivua koti, akatandika gunia, akalala chali chini ya pikapu na kumulika kwa tochi. Alipotoka alikuwa na matope kwenye nywele.

"Hakuna vyuma. Sahani imelalia chasisi yenyewe, na katikati yao kuna udongo mkavu wa zamani. Hakuna mtu aliyeiinua sahani hii tangu ilipofungwa."

"Basi Bi Nadra ndiye aliyekosea."

"Bi Nadra ameziona taa zimetazama chini. Mtu hawezi kubuni jambo kama hilo." Alijipangusa mikono. "Gereji, trela tupu liliinamisha pua. Barabarani, likiwa na mzigo, pua imepanda na nyuma ya pikapu imepanda nayo. Vyuma ni vile vile. Kilichoongezeka ni nini?"

"Mzigo."

"Na mzigo ungewekwa mbele, pua ingezidi kushuka. Fungua mlango."

Ndani ya sanduku la trela mlikuwa na harufu ya kumtoa mtu machozi. Samaki na barafu vilikuwa vimekwisha kuondolewa siku ile ile, makreti yametupwa nje. Lakini sakafu ilikuwa bado ina habari zake. Bochaberi alianzia mbele, upande wa shingo, akipapasa kwa vidole. Bati lilikuwa safi, na chumvi kavu kidogo. Akasogea nyuma. Palipokuwa usawa wa magurudumu, magamba ya samaki yakaanza. Kuelekea mlangoni yalikuwa mazito, yamegandana na ute.

"Likipinduka, si kila kitu hukimbilia nyuma?" Jeilani aliuliza kutoka nje, kitambaa puani.

Bochaberi naye alikuwa amelifikiria hilo. Akainua tochi. Katikati ya sanduku, kutoka ukuta huu hadi ule, kamba nene ilikuwa imepitishwa kwenye pete za chuma, mara kadhaa, ikafanya kama ua. Bado ilikuwa imekaza. Upande wa nyuma ilikuwa na magamba, upande wa mbele haikuwa na hata moja.

"Ajali haifungi kamba," alisema. "Kuna mtu aliyezuia mzigo usiende mbele. Alitaka mbele pabaki patupu. Alitaka uzito wote ukae nyuma ya magurudumu."

"Kwa nini mtu afanye hivyo? Kumuua Jaafar?"

Bochaberi aliishika ile kamba, akaichungulia fundo lake. Lilikuwa fundo zuri, limefungwa na mkono usiobahatisha, mkono uliokuwa na subira na mapenzi ya kazi. Kisha akashuka polepole.

"Gatini nani hupakia trela hili?"

"Vibarua," Jeilani alisema. "Lakini Bwana Abdulwahid huwa haachii mtu. Husimama pale mwenyewe, na kreti la mwisho hulisukuma yeye."

*

Nyumba ya msiba ilikuwa nyuma ya msikiti, karibu na bahari. Wanaume walikuwa wamekaa ukumbini juu ya mikeka, khitma imekwisha, kahawa inazungushwa. Upande wa pili wa pazia walikuwa wanawake. Bochaberi alijifunika ushungi kichwani vizuri, akavua viatu, akapiga hodi, Jeilani nyuma yake.

"Salaam alekum. Poleni na msiba."

"Alekum salaam. Tushapoa." Bwana Abdulwahid aliwaonyesha mahali pa kukaa. Alikuwa mtu mnene wa kifua, ndevu zimeingia mvi, macho mekundu. "Umekuya kuniambia kesho ni saa ngapi? Nitakuwapo. Nataka nimuone usoni kijana yule."

"Nimekuja kuuliza jambo moja dogo, Bwana Abdulwahid. Siku ile, trela ulilipakia wewe?"

"Nani mwingine? Mwanangu yuaenda safari, nimuachie kibarua ampakilie?"

"Uliliona limeinama?"

"Niliona. Na fundi yule kaacha vile vile, kazi hakufanya. Nikasema, mwanangu hatakwenda na kitu kilichoinama pua." Mzee alijisogeza, kidole chake kikachora juu ya mkeka. "Mimi nimeendesha vyombo vya bahari tangu sina ndevu. Chombo kikiinama omo, yaani huku mbele, hakisikii usukani, nacho hunywa mai. Dawa yake yajulikana. Watoa mzigo omo, waupeleka tezi, huku nyuma. Omo inapanda, chombo kinakaa sawa. Nikaitoa barafu yote mbele. Samaki nikawarudisha nyuma, nikafunga kamba wasirudi. Na pua ikapanda, wallahi! Jaafar alifurahi. Aliniambia, 'Baba, weye ni fundi kuliko mafundi.'"

Wanaume wawili watatu wakatikisa vichwa, wakamrehemu marehemu.

Bochaberi alikuwa amewahoji wezi na wauaji, na hakuna hata mmoja aliyemfanya atamani kunyamaza kama sasa. Lakini kulikuwa na mtu seli.

"Bwana Abdulwahid, chombo kimekaa juu ya nini?"

"Juu ya mai."

"Maji kote?"

"Kote, omo mpaka tezi. Mai yameshika pote."

"Na trela limekaa juu ya nini?"

Mzee akamtazama kama anayeulizwa swali la mtoto. "Magurudumu."

"Nionyeshe hapo mkekani magurudumu yako wapi."

Kidole kikashuka, kikagusa katikati ya mchoro, kikasogea nyuma kidogo. "Hapa."

"Na mzigo uliuweka wapi?"

Kidole kikaenda nyuma ya hapo. Kikatulia.

"Uzito wote uko huku," Bochaberi alisema kwa sauti ya chini, "na hapa katikati ndipo panapobeba. Shingo kule mbele inafanya nini?"

"Inapanda."

"Shingo imefungwa kwenye gari. Ikipanda, inapanda na nini?"

Kidole cha Abdulwahid kilikuwa bado mkekani.

"Yapanda na tako la gari," alisema hatimaye.

"Tairi za nyuma za pikapu zikawa nyepesi. Haziwezi tena kulishika trela lililo zito mkiani. Likianza kucheza, dereva hana cha kulizuia. Na akipiga breki…"

"Basi," mzee alisema. "Basi, Bi. Nimefahamu."

Ewe mzazi unayesoma haya, usimcheke. Alichokijua alikijua kweli, na kilimvusha bahari maisha yake yote. Balaa lilianzia pale alipokipandisha nchi kavu bila kuuliza. Trela likiinama pua, linyanyuliwe sahani na fundi, na mpaka hapo mzigo ubaki mbele kidogo ya magurudumu, hata kama halipendezi kutazama. Anayekwambia ungoje bolti, mngoje.

Baada ya muda mzee akauliza, bila kuinua uso: "Bolti zake zilikuwa zimekaza?"

"Konstebo wangu amening'inia kwenye spana. Hazikusogea."

"Na mimi nilimwita muuaji mbele ya watu wote."

"Nahitaji maelezo yako, Bwana Abdulwahid. Haya uliyoyasema, yaandikwe na uyatie sahihi. Bila hayo, nina neno alilokujibu kwenye simu na bolti iliyokatika, na wakubwa wangu wataona yanatosha."

"Nikiyatia sahihi, mimi ndiye niliye…" Hakumaliza. Alitazama upande wa pazia. "Mamake yuko hapo. Hajala tangu siku ile. Nitamwambiaje kwamba mkono uliompakilia ni huu?"

Jeilani aliinamisha kichwa. Mtu mmoja mkekani alianza kusema, "Ni kadari ya Mungu, Abdulwahid, si lazima…" na mwingine akamgusa goti anyamaze.

Pazia lilitikisika. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma yake, kavu, imechoka kulia.

"Nimesikia. Nimesikia yote, baba Jaafar."

Abdulwahid akafumba macho.

"Zamzam ana mwana mmoja," sauti ikaendelea. "Mimi wangu nimeshamzika. Sema, waandike. Mmoya yuatosha."

Kulikuwa na kwikwi upande ule, na wanawake wengine wakimnyamazisha. Mzee akavua kofia yake, akaiweka pajani, akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akamgeukia Jeilani.

"Andika hapa hapa, kijana. Usinipeleke ofisini. Hawa wote waliokaa hapa wana watoto barabarani, wacha wasikie." Akameza mate. "Andika: Mimi, Abdulwahid wa Kizingitini, ndimi niliyepakia."